Wamelichukua Wao

Barua yenyewe ni ukurasa mmoja tu wa daftari la mistari, uliokunjwa mara nne. Iliandikwa mwezi wa Machi mwaka 1987 katika Milima ya Upare, upande wa Vudee, juu ya mji wa Same. Iliteremka kwa mkono wa jamaa hadi stendi ya basi, ikasafiri mpaka Dar es Salaam, kisha ikavuka bahari na kutufikia Unguja ikiwa bado ina harufu ya moshi wa kuni. Mwandishi wake ni mama mkwe wangu. Aliyeandikiwa ni mke wangu, Mungu amrehemu. Aliyeisoma mwanzo, na kwa bahati mbaya akaisoma vibaya, ni mimi.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari. Mke wangu nilikutana naye Dar es Salaam tulipokuwa masomoni. Yeye Mpare wa milimani, mimi kijana wa mjini Unguja, niliyeaminishwa tangu utotoni kwamba Kiswahili ni mali ya kwetu na kwamba wengine wote wamekiazima. Jioni ile mtoto wetu wa kwanza alikuwa na homa. Mama yake amempakata, nami nimekaa mezani na rundo la insha za wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi. Barua ikaletwa. Mke wangu akasema, "Hebu nisomee, mikono yangu haina nafasi."

Nikaifungua. Macho yakatangulia na kalamu ikafuata, kwa mazoea tu. Salamu zilikuwa ndefu, kama ilivyo ada. Zikafuata habari za mvua, za mbuzi aliyezaa pacha, za binamu aliyeposwa. Halafu ikaja sentensi hii: "Shamba la chini ya ndiva wamelichukua wao."

Nikaguna. Yambwa limetangulia kitenzi. Kiima kimeburutwa hadi mwisho. Na kiima chenyewe, kwa maoni yangu ya siku zile, hakikuwa na kazi, maana kiambishi wa- kimekwisha kutuambia kuwa waliotenda ni watu na ni wengi. Nikalikata neno "wao" kwa mstari mmoja mwekundu, nikaipanga sentensi upya kichwani, nikasoma kwa sauti: "Wamechukua shamba la chini ya ndiva."

"Nani wamelichukua?" mke wangu akauliza.

"Hakusema. Labda wale waliolikodi mwaka jana."

Akanyamaza, akaendelea kumfuta mtoto jasho. Siku ya pili tukajibu barua ile kwa salamu nyingi na dua ya mavuno mema.

Kwa msomaji wa pwani, inafaa nieleze ndiva ni kitu gani. Katika Upare wa Kusini viko vijito ambavyo maji yake ni kidogo mno. Yakiachwa yateremke mchana hunywewa na ardhi kabla ya kufika mbali. Basi wazee wa kale walijenga mabwawa madogo ya udongo na mawe, wakayaita ndiva. Maji hukusanywa usiku kucha, na asubuhi ndiva hufunguliwa, maji yakatoka kwa nguvu na kupita mferejini, shamba hadi shamba, kila mmoja kwa zamu yake. Shamba lililo karibu chini ya ndiva si sawa na shamba jingine. Mama mkwe wangu alilima shamba hilo pamoja na mumewe kwa miaka zaidi ya ishirini, na alipofiwa aliendelea kulilima peke yake.

Tulipopanda Upare mwezi wa Desemba mwaka 1988, tulikuta migomba ya watu wengine imekwisha kushika. Waliolichukua ni jamaa wa upande wa marehemu, ambao tangu siku ya matanga walikuwa wakiliona shamba lile mikononi mwa mwanamke mjane kama kitu kilichosahauliwa mahali pasipo pake. Mama hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Nilikuandikieni."

"Uliandika kwamba limechukuliwa, mama," mke wangu akamjibu. "Hukusema na nani."

Mama akamtazama kwa muda. "Nilisema."

Hakuongeza neno. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, karibu na mafiga, nikadhani kuwa bibi yule amesahau alichoandika. Jioni ile mjomba wa mke wangu, mzee anayesikilizwa katika ukoo, alitueleza kwa masikitiko kwamba lau angeletewa habari kabla ya mgomba wa kwanza kupandwa, kikao kimoja tu kingetosha. Sasa ni misimu miwili. Maneno yamekwisha kuwa mengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyotamka kuwa haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume, ilipitishwa mwaka 1999. Wakati huo migomba ile ilikuwa imekwisha kuzaa watoto na wajukuu.

Barua niliisahau kwa miaka thelathini. Kilichonirudisha kwake, kwa njia nisiyoitazamia, ni lugha ya Kiholanzi.

Mke wangu alifariki mwaka 2011. Binti yetu, yule aliyekuwa na homa usiku ule, aliolewa na kuhamia Uholanzi, katika mji wa Leiden, na mwaka 2016 akanialika nikakae naye miezi ya baridi. Mji huo si mgeni kwa wapenzi wa ushairi wetu. Hapo ndipo Jan Knappert alipotoa, mwaka 1958, tasnifu yake juu ya utenzi wa Herekali, kabla ya vitabu vyake vingi vya ushairi wa Kiswahili. Basi nikajiandikisha darasa la lugha la jioni, mzee mwenye mvi katikati ya vijana, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu nikawa mtu anayesahihishwa.

Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka mitano, alinisahihisha kuliko mwalimu. Siku moja aliniuliza kwa nini sitaki kutoka kwenda kucheza kwenye theluji. Nikataka kumjibu kwa Kiholanzi: kwa sababu nimechoka. Nilijua kwamba "nimechoka" ni "ik ben moe", na kwamba "kwa sababu" ni "omdat". Nikaunganisha: "omdat ik ben moe". Akacheka hadi pengo la jino likaonekana. "Babu, si hivyo. Omdat ik moe ben."

Kitenzi "ben" nilikuwa nimekiweka katikati, naye amekipeleka mwisho. Nilimwuliza kwa nini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka.

Mwalimu wa darasa alinieleza kanuni yenyewe. Katika sentensi ya Kiholanzi inayojitegemea, kitenzi hukaa nafasi ya pili na hakibanduki hapo. Ukisema "Ik lees vandaag een boek", yaani leo nasoma kitabu, kitenzi "lees" ni cha pili. Ukitaka kuanza na neno "leo", basi ni "Vandaag lees ik een boek": kiima kimesukumwa nyuma ili kitenzi kibaki na nafasi yake. Lakini sentensi hiyo hiyo ikiegemea nyingine, ikiwa ni kishazi tegemezi, kitenzi huondoka na kukaa mwishoni kabisa: "omdat ik vandaag een boek lees". Mwanaisimu Jan Koster, katika makala yake ya mwaka 1975, alitoa hoja kwamba nyumbani kwa kitenzi cha Kiholanzi ni kule mwishoni, na kwamba ile nafasi ya pili ni mahali kinapohamia tu. Hata katika sentensi huru dalili za nyumbani zipo, kwani kitenzi kisaidizi kikishahama, kitenzi kikuu hubaki nyuma: "Ik heb een boek gelezen", nimesoma kitabu, na kitabu kimebanwa katikati ya vitenzi viwili kama kaa la moto katika koleo.

Niliyoyaona kuwa ukaidi wa lugha yalikuwa ni ujumbe. Sisi, ili kuonyesha kuwa kishazi kinakiegemea kingine, tuna -po-, tuna amba-, tuna kirejeshi chetu. Mholanzi, pamoja na lile neno lake la kuunganisha, humwonyesha msikilizaji jambo hilo kwa mahali alipokiweka kitenzi. Mimi, kwa kukiweka kitenzi pale nilipokuona ni pazuri, nilikuwa nimefuta sehemu ya maana.

Liko jambo jingine katika lugha hiyo ambalo wapenzi wa tarbia watalifurahia. Tuchukue maneno haya: "kwamba nilimwona Ali akimfundisha Asha kusoma". Kwa Kiswahili kila jina liko karibu na kitenzi chake, na viambishi vimewashika mkono. Mholanzi husema: "dat ik Ali Asha zag leren lezen". Neno kwa neno ni kama kusema: kwamba mimi, Ali, Asha, niliona, kufundisha, kusoma. Watu watatu wamepanga foleni, kisha vitenzi vitatu vimepanga foleni nyuma yao kwa utaratibu ule ule: wa kwanza na cha kwanza, wa pili na cha pili, wa tatu na cha tatu. Jirani yake Mjerumani hufanya kinyume: "dass ich Ali Asha lesen lehren sah". Kwake mtu wa mwisho kutajwa ndiye anayepata kitenzi cha kwanza, na wa kwanza hungoja hadi mwisho, kama watu walioingia katika kichochoro chembamba wakalazimika kutoka kinyumenyume.

Nilipoandika sentensi hizo mbili daftarini, niliona vina. Katika shairi letu la pande mbili, kina cha ukwapi hutafuta mwenziwe katika ukwapi wa mshororo unaofuata, kikivuka juu ya kina cha utao. Na cha utao nacho huvuka vivyo hivyo. Nyuzi hizo hupishana, kama ukili unaposukwa. Kiholanzi hufunga sentensi yake kwa mpishano wa namna hiyo. Wanaisimu walilichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa, kwani aina ya kanuni zinazotosha kuunda sentensi za kichochoro, zile za kutoka kinyumenyume, hazitoshi kuunda mpishano. Mwaka 1985 Stuart Shieber alitumia Kijerumani cha Uswisi, ambacho nacho hupishanisha, kuthibitisha kwamba lugha za wanadamu huvuka mpaka wa kanuni hizo. Washairi wa pwani wamekuwa wakipishanisha vina kwa karne nyingi, wala hapana aliyewahi kuwaambia kuwa ni jambo zito.

Lakini lililonigusa zaidi nililikuta katika tasnifu nyingine ya Leiden, ya mwaka 2009, ambayo Jenneke van der Wal aliiandika juu ya Kimakua cha upande wa Kisiwa cha Msumbiji. Humo nilisoma kwamba katika lugha hiyo, iliyo ndugu ya Kiswahili, mahali pa neno katika sentensi hufuata mazungumzo yalipofikia. Linalojulikana tayari baina ya msemaji na msikilizaji hutangulia kitenzi. Lile lililo jipya, lile ambalo sentensi imesemwa kwa ajili yake, hungoja baada ya kitenzi. Lugha nyingi za Kibantu zina mwelekeo huo, kila moja kwa namna yake. Na Kiswahili je? Ni mara ngapi tumesema "Chakula amepika mama", maana chakula mnakiona hapo mezani, na habari ni nani aliyekipika? Ni mara ngapi mtoto amejitetea, "Kikombe amevunja yeye"?

Niliufunga ukurasa, nikatazama dirishani. Nje theluji ilikuwa ikianguka. Neno lililonijia, bila kuliita, ni "wao".

Niliporudi Unguja nilifungua sanduku la bati ambalo mke wangu alihifadhi barua za kwao. Nyingi nilizikuta kama zilivyo. Hii moja ilikuwa na alama zangu. Wino wa mama ulikuwa umepauka. Wino wangu mwekundu ulikuwa bado mwekundu. "Shamba la chini ya ndiva" lilitangulia kwa kuwa mama na binti walikwisha kulizungumza sana, usiku kwa usiku, katika ziara iliyopita. "Wamelichukua", nalo lilikuwa jambo walilolihofia siku zote. Habari yote ya sentensi, sababu iliyomfanya mwanamke yule aliyejifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya watu wazima ya miaka ya 1970 akae chini na kalamu, ilikuwa katika neno la mwisho. Majina asingeweza kuyaandika, maana barua ingepita mikononi mwa jamaa. Lakini baina yake na binti yake "wao" walikuwa ni watu wale wale, hapana wengine. Lau mke wangu angelisikia neno hilo, tena likiwa pale mwisho lilipowekwa, angelielewa kabla sijavuta pumzi ya sentensi inayofuata. Nami nilimwambia: "Hakusema."

Mwaka 2018 nikafunga safari ya Same.

Basi kutoka Dar es Salaam huupita Mkomazi na Hedaru, milima ikiwa kuliani kama ukuta, na mchana jua la tambarare ni kali hata mtu asiamini kwamba kule juu, kuelekea kilele cha Shengena chenye mita 2,462, watu wanavaa makoti. Nililala Same usiku mmoja, na asubuhi nikapita sokoni nikisubiri gari la kupanda Vudee. Zamani nilipita soko lile nikisikia kelele tu. Safari hii nilisikiliza.

Wamama wa Kipare walikuwa wakipanga tangawizi na ndizi, wakisemezana Chasu, lugha yao, ambayo kama Kiswahili huanza kwa kawaida na mtenda, kisha kitendo, kisha mtendwa. Pembeni wamesimama Wamaasai waliopandisha mbuzi kutoka tambarare. Kimaasai huanza na kitenzi. Mtenda na mtendwa hufuata, na anayewatofautisha ni toni, kupanda na kushuka kwa sauti juu ya jina. Mwaka 1963, Joseph Greenberg alipochapisha uchunguzi wake mashuhuri wa lugha 30 kutafuta kanuni zinazoshirikiwa na lugha za dunia, Kiswahili na Kimaasai zilikuwamo zote mbili. Aliona kwamba lugha zinazoanza na kitenzi huweka maneno ya namna ya "katika" na "juu ya" kabla ya jina, na kwamba zile zinazomaliza kwa kitenzi, kwa wingi wake mkubwa, huyaweka baada ya jina. Yaani ukishajua kitenzi kinakaa wapi, umekwisha kukisia mengi katika nyumba nzima. Nyumba hizo mbili, ya kitenzi cha mbele na ya kitenzi cha katikati, zilikuwa zikipatana bei ya mbuzi mbele ya macho yangu.

Nyumba ya tatu, ya kitenzi cha mwisho, nayo iliwahi kuwapo milimani hapo. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, katika Usambara, wanaishi Wambugu, ambao masimulizi yao husema kuwa walipita Upare kabla ya kufika walipo. Wana namna mbili za kusema: Kimbugu cha kawaida, ambacho Mpare hukisikia kama jamaa yake, na Kimbugu cha ndani, kiitwacho pia Kima'a, chenye maneno mengi ya asili ya Kikushi, jamaa ya lugha za akina Wairaqw wa Mbulu ambao kitenzi chao hufunga sentensi. Ajabu ni kwamba namna zote mbili zina sarufi moja, nayo ni ya Kibantu, tena inafanana na ya Upare kuliko ya Wasambaa waliowazunguka leo. Wilfred Whiteley aliwaandika mwaka 1960. Maarten Mous wa Leiden, aliyekwisha kuandika sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993, aliwatolea kitabu kizima mwaka 2003. Wataalamu hawajakubaliana. Wako wanaosema kuwa watu hao walishikilia maneno yao huku sarufi ya majirani ikiwaingia kidogo kidogo. Mous anaona kuwa walikwisha kuhamia katika lugha ya Kipare, kisha wakajiundia upya msamiati wa pembeni ili wabaki kuwa wao. Kwa vyovyote vile, maneno yao yanasema walitaka kuwa nani, na mpango wa maneno yao unasema walikaa wapi.

Nilisimama pale sokoni nikamfikiria mama mkwe. Barua yake haikuwa na neno hata moja la Chasu. Kiswahili chake kilikuwa kitupu. Hata lile "kosa" lake halikuwa la Kipare wala la ugeni. Ni Kiswahili kile kile ambacho bibi yangu mzaa mama alikisema kila siku uani kwetu, nami sikumnyooshea kalamu. Upatanisho wa kisarufi umetupa sisi Waswahili hazina ambayo Mwingereza hana: kwa kuwa kiambishi -li- kimekwisha kulishika shamba, na wa- kimekwisha kuwashika watenda, maneno yenyewe yamekuwa huru kwenda mbele au nyuma kufuata haja ya moyo. Washairi wanajua. Mshairi akilitupa jina mwishoni mwa utao tunatikisa kichwa na kusema ni idhini yake. Vitabu vya shule huliita jambo hilo kuboronga sarufi, na humsamehe kwa ajili ya vina. Kumbe mara nyingi haborongi kitu. Anafanya lile lile alifanyalo mwanamke wa Vudee anapotaka neno lake la mwisho libaki sikioni mwa bintiye. Tofauti ni kwamba yeye tulimpa idhini, na mama tulimpa wino mwekundu.

Nasema haya kwa walimu wenzangu, na kwa wahariri wa mashairi, kazi ambayo nami nimeifanya. Kabla ya kulihamisha neno, tuulize limekaa hapo kwa sababu gani. Yawezekana ni kosa, makosa yapo. Lakini yawezekana ndilo lililobeba barua nzima.

Nilimkuta mama uani, amekaa juu ya kigoda, akipukuchua mahindi ya makande. Miaka themanini imemkaa mabegani, na macho hayaoni mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Tulikaa. Nilimpa salamu za wajukuu na za kitukuu wa Leiden. Kisha nikatoa ile karatasi, nikamwambia ni barua yake ya mwaka 1987, na kwamba nataka kumsomea. Akacheka kidogo, akasema kwamba hakujua barua hukaa umri huo. Nikasoma polepole, salamu zote, mvua, mbuzi aliyezaa pacha, binamu aliyeposwa. Nikafika kwenye shamba. Nikasoma sentensi kama alivyoiandika, na neno la mwisho nikalisoma chini ya mstari wangu mwekundu.

Mikono yake ikasimama juu ya gunzi.

Nikamweleza. Nilimweleza kalamu, insha, homa ya mtoto, nilivyolikata neno, na jibu nililompa mkewe aliponiuliza ni nani: mkewe, nasema, maana nilijikosea hata hapo, nikamwambia "mkeo" badala ya "binti yako", kama mwanafunzi aliyebabaika mbele ya ubao. Hakunisahihisha. Kuku walipita mbele yetu. Kutoka bondeni ilisikika sauti ya maji. Mtu alikuwa amefungua ndiva.

"Miaka yote hii," akasema mwisho, "nilidhani amenyamaza yeye."

Sikuwa na la kusema.

"Kumbe umelifuta wewe."

Sentensi mbili, na katika kila moja neno zito limewekwa mwishoni, mahali pake. Niliinamisha kichwa. Akaendelea kupukuchua, punje zikidondoka moja moja katika ungo, hadi gunzi likabaki jeupe. Kisha akaniambia niisome tena barua, tangu salamu, na safari hii nipaze sauti. Nikaisoma yote, kila neno mahali alipoliweka.